Padre Thomas Merton na Mlango Uliofungwa Taratibu

Siku hizi mafundisho ya kutuliza akili yanamfikia kila mwenye simu, awe anaishi Dar es Salaam au Mlimba. Msikilizaji anaelekezwa kuketi kimya, kufuata pumzi yake inavyoingia na kutoka, na kuyatazama mawazo yake yanavyopita pasipo kuyakimbilia. Kwa sehemu kubwa mafundisho hayo yametoka katika Ubudha, ingawa mara nyingi hutolewa bila kutaja asili yake. Mwamini Mkatoliki anayekutana nayo ana haki ya kujiuliza maswali mawili. Je, kuna jambo lolote jema ninaloweza kujifunza huko? Na nikijifunza, imani yangu itabaki salama?

Maswali hayo yalimkabili kwa uzito mkubwa mmonaki mmoja Mkatoliki aliyefariki dunia mwaka 1968. Huyo ni Padre Thomas Merton. Baba Mtakatifu Fransisko, alipolihutubia Bunge la Marekani tarehe 24 Septemba 2015, alimtaja miongoni mwa Wamarekani wanne waliolijengea taifa lao maadili, pamoja na Abraham Lincoln, Martin Luther King na Dorothy Day. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, wala maisha yake hayakukosa madoa. Hata hivyo, safari yake inatufundisha namna Mkristo anavyoweza kukaa kwa heshima mbele ya hekima ya wengine, huku mizizi yake ikizidi kushuka katika Kristo.

Utoto wa kuhamahama

Thomas Merton alizaliwa tarehe 31 Januari 1915 katika mji wa Prades, kusini mwa Ufaransa, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiendelea. Baba yake, Owen, alikuwa mchoraji kutoka New Zealand. Mama yake, Ruth, Mmarekani, naye alikuwa msanii. Mwaka uliofuata familia ilihamia Marekani, na huko akazaliwa mdogo wake, John Paul, mwaka 1918.

Thomas alikuwa na umri wa miaka sita mama yake alipofariki kwa saratani. Mama huyo hakutaka mwanawe amwone katika mateso ya hospitali, hivyo alimwandikia barua ya kumuaga. Mtoto aliichukua barua ile, akaenda kuisoma peke yake chini ya mti, akijaribu kuelewa maneno ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuyasoma akiwa peke yake. Baada ya hapo aliishi maisha ya kuhamahama. Baba alisafiri akitafuta mandhari ya kuchora, na kijana mara alifuatana naye, mara aliachwa kwa babu na bibi, mara alipelekwa shule za bweni Ufaransa na Uingereza. Januari 1931 baba naye akafariki London kwa uvimbe wa ubongo, zikiwa zimebaki wiki chache tu Thomas atimize miaka 16.

Yatima huyu mwenye akili nyingi hakuwa na nyumba wala imani. Mwaka 1933, akiwa matembezini Roma, alivutwa na picha za kale za Kristo katika kuta za makanisa, na kwa mara ya kwanza akasali kwa moyo. Moto huo mdogo ulizimika upesi. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge alipoteza mwaka mzima kwa ulevi na anasa, hata mlezi wake akachoka naye na kumshauri abaki Marekani kwa wazazi wa mama yake.

Ushauri wa mtawa wa Kihindu

Mwaka 1935 Merton alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hapo alipata marafiki wa kweli na walimu waliomfundisha kufikiri. Mwaka 1938 alikutana na Mahanambrata Brahmachari, mtawa wa Kihindu kutoka India. Merton, kama vijana wengi wasomi wa wakati ule, alitazamia kwamba mgeni huyo angemwelekeza kwenye vitabu vya Mashariki. Badala yake, mtawa yule alimshauri asome Maungamo ya Mtakatifu Augustino na kitabu cha Kumfuasa Yesu Kristo. Alimwonesha kijana wa Magharibi hazina iliyokuwa nyumbani kwake, ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajaifungua.

Merton hakulisahau jambo hilo maisha yake yote. Mtu wa dini nyingine, aliyeishi dini yake kwa dhati, ndiye aliyekuwa miongoni mwa waliomrudisha kwenye mlango wa Kanisa. Mwaka huohuo alianza kuhudhuria Misa, akaomba mafundisho, na tarehe 16 Novemba 1938 akapokelewa katika Kanisa Katoliki kwenye parokia ya Corpus Christi, New York.

Muda mfupi baadaye alitamani upadre. Kwanza aliomba kuingia katika familia ya Mtakatifu Fransisko, familia ambayo waamini wa Ifakara na Mahenge wanaifahamu vema kwa njia ya Wakapuchini. Alipoyaeleza maisha yake ya zamani kwa unyofu, alishauriwa aondoe ombi lake. Alilia, kisha akakubali kazi ya kufundisha katika chuo cha Wafransisko cha Mtakatifu Bonaventura, akisali kila siku sala za Kanisa kama mtawa asiye na utawa. Katika Juma Kuu la mwaka 1941 alienda mafungo kwenye abasia ya Bikira Maria wa Gethsemani, katika jimbo la Kentucky. Aliporudi, moyo wake ulibaki kule.

Miaka 27 ndani ya ukuta

Tarehe 10 Desemba 1941, siku tatu baada ya Marekani kushambuliwa kule Pearl Harbor, Merton aligonga lango la Gethsemani. Alipewa jina la kitawa la Louis. Wakazi wa abasia hiyo walikuwa Watrapisti, watawa wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa ukali wa pekee. Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Wabenedikto waliofungua misheni ya Kwiro waliishi kwa hiyo, na Watrapisti wenyewe walifika Usambara mwishoni mwa karne ya 19, wakaanzisha misheni ya Gare.

Maisha ya Gethsemani yalikuwa magumu. Wamonaki waliamka saa nane usiku kwa sala, walilala juu ya magodoro ya majani makavu, hawakula nyama, na waliongea kwa ishara za mikono ili kuulinda ukimya. Mchana walilima, walikata kuni, walikamua ng’ombe. Merton aliyapenda haya yote. Alidhani ameuacha ulimwengu nyuma yake daima.

Ulimwengu ulimfuata upesi. Mdogo wake John Paul, aliyekuwa mwanajeshi wa anga, alimtembelea mwaka 1942, akapokea mafundisho na Ubatizo karibu na abasia. Aprili 1943 ndege yake ilianguka baharini, naye akafa. Merton alibaki pasipo baba, mama wala ndugu. Jumuiya ya wamonaki ikawa ndiyo ukoo wake.

Abate wake, akiona kipaji chake, alimwagiza aandike kisa cha wongofu wake. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1948 na kununuliwa kwa mamia ya maelfu ya nakala. Vijana waliotoka vitani, wakiwa wamechoka na damu, walimiminika Gethsemani hata nafasi za kulala zikakosekana. Tarehe 26 Mei 1949, Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, alipewa daraja takatifu ya upadre. Baadaye alikabidhiwa malezi: kwanza ya wanafunzi waliojiandaa kwa upadre, halafu ya wanovisi kuanzia mwaka 1955 hadi 1965.

Tunapaswa kulitazama jambo moja kwa makini. Katika maandishi yake ya awali Merton aliuhukumu ulimwengu kwa ukali, kana kwamba nje ya ukuta wa abasia palikuwa na giza tupu. Ukimya ulimbadilisha. Tarehe 18 Machi 1958 alitumwa mjini Louisville kwa shughuli za abasia. Akiwa amesimama kwenye makutano ya barabara katikati ya maduka na watu wanaopita, alijaliwa kutambua kwamba anawapenda watu wale wote asiowajua, na kwamba yeye ni wao, nao ni wake. Aliona kuwa utawa wake haukumtenga na wanadamu. Mtu aliyeingia jangwani ili asiwaone watu, jangwa lilimfundisha kuwaona.

Tangu hapo aliandika juu ya silaha za nyuklia, ubaguzi wa rangi na vita vya Vietnam. Mwaka 1962 wakubwa wa shirika walimkataza kuchapisha maandishi juu ya vita. Alitii, ingawa ilimuuma. Mwaka uliofuata Mtakatifu Yohane XXIII alitoa waraka wake juu ya amani duniani, na mengi ambayo Merton alikuwa amezuiwa kuyachapa yakawa fundisho la Baba Mtakatifu mwenyewe.

Wabudha watatu

Wakati huohuo Merton alikuwa akisoma kwa bidii habari za Ubudha. Ni vema tueleze kwa kifupi ni nini alichokiona humo. Mfuasi wa Buddha hufundishwa njia yenye sehemu nane. Mojawapo ni uangalifu wa moyo: kuwapo kwa moyo wote katika tendo unalolifanya sasa, iwe ni kula, kutembea au kumsikiliza mwenzako. Sehemu nyingine za njia hiyohiyo ni usemi mwema, mwenendo mwema na kujipatia riziki kwa njia ya haki. Pamoja na hayo, mwamini hushika maagizo matano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Wamonaki wao huishi haya katika jumuiya, wakikosoana na kutegemezana. Kwao, basi, kimya na maadili ni kitu kimoja. Anayeketi saa nzima akifuata pumzi yake, kisha akainuka na kumdhulumu jirani, hajaianza njia.

Mbudha wa kwanza aliyemfaa sana Merton alikuwa mzee Daisetz Suzuki wa Japani, mwalimu mashuhuri wa Zen. Walianza kuandikiana mwaka 1959. Juni 1964, kwa ruhusa ya abate, Merton alisafiri hadi New York kukutana naye, mzee akiwa amepita umri wa miaka 90. Walikunywa chai pamoja, wakaongea. Merton aliona kwamba Zen inampiga vita yule mtu wa uongo tunayemjenga ndani yetu, anayetaka sifa na kuogopa kusahaulika. Mababa wa jangwani wa Misri, waliokaa mapangoni katika karne ya nne, walipigana na adui huyohuyo.

Wa pili alikuwa Thich Nhat Hanh, mmonaki kijana wa Vietnam. Nchi yake ilikuwa ikiungua. Yeye na wenzake walikuwa wameanzisha shule ya kuwaandaa vijana kwenda vijijini kujenga upya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu, kutibu wagonjwa na kufundisha watoto. Aliona kwamba tafakuri isiyotoka nje wakati jirani analia si tafakuri ya kweli. Mei 1966, akiwa Marekani kuomba vita vikome, alifika Gethsemani. Wawili hao walielewana upesi, na baada ya hapo Merton aliandika waziwazi kwamba mmonaki huyo ni ndugu yake.

Kuna jambo dogo katika ziara hiyo ambalo Merton aliwasimulia wanovisi wa abasia. Alikuwa amemwuliza mgeni namna wanovisi wa Kibudha wanavyofundishwa kutafakari. Jibu lilikuwa kwamba hawaanzi na tafakuri. Kwanza hujifunza kufunga mlango bila kuubamiza. Merton alilifurahia sana jibu hilo, kwa kuwa aliwajua vijana wake: walikimbilia kanisani kusali, na nyuma yao mlango ukapiga kishindo kilichowashtua waliokuwa wakisali tayari. Mtu wa namna hiyo ana haraka ya kuwa mtakatifu, ila bado hajamwona mwenzake. Kufunga mlango taratibu ni tendo la mkono, na ni tendo la upendo. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, alikuwa ameagiza jambo la jamaa hiyo aliposema kwamba vyombo vyote vya monasteri vitunzwe kama vyombo vya altare.

Mwaka huohuo wa 1966 ulikuwa pia mwaka wa jaribu lake kubwa. Baada ya upasuaji wa mgongo mjini Louisville, Merton alimpenda muuguzi mwanafunzi aliyemhudumia, na kwa miezi kadhaa moyo wake uliyumba kati ya penzi hilo na nadhiri zake. Tusilifiche jambo hili, maana yeye mwenyewe hakulificha katika shajara zake. Mwalimu wa maelfu alitambua kwamba hata yeye anaweza kujidanganya. Alichagua kuwa mwaminifu, na mwezi Septemba mwaka huo aliahidi mbele ya abate kuishi maisha yake yote kama mkaapweke katika kibanda kilichokuwa ndani ya ardhi ya abasia, alikokuwa amehamia mwaka 1965.

Wa tatu alikuwa Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet aliyekuwa uhamishoni India. Mwaka 1968 abate mpya alimruhusu Merton kusafiri hadi Asia. Mwezi Novemba alipanda milima hadi Dharamsala, wakaonana mara tatu. Waliongea juu ya namna ya kuituliza akili inayorukaruka. Dalai Lama naye alitaka kujua kama nadhiri za wamonaki wa Magharibi zinawasaidia kweli kusonga mbele kiroho, au ni ahadi ya kukaa mahali pamoja tu. Swali hilo linamfaa kila mtawa, kila padre na kila aliyefunga ndoa. Miaka mingi baadaye Dalai Lama alikiri kwamba Merton ndiye aliyemfungulia macho aione thamani ya Ukristo.

Kisiwa cha Ceylon na jirani zetu wa Upanga

Kutoka India Merton alivuka hadi Ceylon, ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Mwanzoni mwa Desemba 1968 alifika Polonnaruwa, mji wa kale wenye sanamu kubwa za Buddha zilizochongwa katika mwamba. Alivua viatu, akatembea pekupeku juu ya majani yaliyolowa, akazitazama nyuso zile zenye amani. Aliandika kwamba hapo aliona kwa wazi jambo alilokuwa akilitafuta gizani kwa muda mrefu. Wapo waliodhani kwamba wakati huo alikuwa ameuacha Ukristo. Hati zake hazisemi hivyo. Katika safari nzima aliendelea kuadhimisha Misa, na aliwaeleza waliomsikiliza kwamba amekuja kama mhujaji, anayekunywa katika visima vya kale ili awe mmonaki bora zaidi katika shirika lake mwenyewe.

Kisiwa hicho kina uhusiano na nchi yetu ambao Watanzania wengi hawaufahamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wasinghala kutoka Ceylon walikuja Dar es Salaam kufanya kazi. Walijenga hekalu la Kibudha eneo la Upanga, na humo wakapanda mti wa Bodhi ulioletwa kutoka kwao. Hekalu hilo lipo hadi leo, na humo hufundishwa tafakuri pamoja na maagizo yale matano. Anayepanda treni ya TAZARA katika stesheni ya Mlimba na kushuka Dar es Salaam anaweza kupita karibu na lango lake siku hiyohiyo anapokwenda kusali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wabudha, basi, si watu wa mbali wa kusoma vitabuni. Ni jirani.

Siku ya mwisho

Merton alifika Bangkok, Thailand, kuhudhuria mkutano wa wakuu wa monasteri Katoliki za Asia. Asubuhi ya tarehe 10 Desemba 1968 alitoa mhadhara wake. Mchana alikwenda kupumzika chumbani. Baadaye alikutwa sakafuni amefariki, feni ya umeme yenye hitilafu ikiwa juu yake. Alikuwa na umri wa miaka 53. Ilikuwa imetimia miaka 27 kamili tangu siku ile alipogonga lango la Gethsemani.

Mwili wake ulirudishwa Marekani kwa ndege ya jeshi iliyobeba pia miili ya wanajeshi waliokufa Vietnam. Mtu aliyeipinga vita ile kwa kalamu alisafiri safari yake ya mwisho pamoja na waliouawa ndani yake. Alizikwa Gethsemani tarehe 17 Desemba, kati ya ndugu zake, chini ya msalaba usio na tofauti na mingine. Mwaka 1996 wamonaki Wakatoliki na Wabudha walikutana katika abasia hiyo kwa siku kadhaa za mazungumzo na ukimya, Dalai Lama akiwa miongoni mwao.

Tunajifunza nini?

Turudi kwenye maswali yetu mawili. Juu ya la kwanza, Kanisa limekwisha kutujibu. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya uhusiano wa Kanisa na dini zisizo za Kikristo, uliutaja Ubudha kwa jina. Ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo, na hapohapo ukasisitiza kwamba Kanisa linapaswa kumtangaza daima Kristo aliye njia, ukweli na uzima. Sehemu hizo mbili za fundisho haziachanishwi. Merton alizishika zote mbili.

Juu ya swali la pili, tarehe 15 Oktoba 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, iliwaandikia maaskofu barua juu ya tafakuri ya Kikristo. Barua hiyo inakubali kwamba mbinu za dini nyingine zinaweza kumsaidia Mkristo, iwapo hazitaiharibu maana ya sala ya Kikristo. Inaonya juu ya hatari mbili: kujifungia ndani ya nafsi badala ya kumwendea Mungu anayetupenda, na kudhani kuwa utulivu wa mwili ni faraja ya Roho Mtakatifu. Sala yetu ni mazungumzo na Nafsi hai. Ukimya wa Mkristo unamngoja Bwana, kama watumishi wanaokesha taa zao zikiwaka.

Maisha ya Merton yanatupatia kipimo rahisi cha kuujua ukimya wa kweli. Tuangalie tunavyomtendea mtu baada ya kuinuka kutoka kwenye sala. Katika Bonde la Kilombero tunavijua vishindo vyetu wenyewe. Mkulima anasali Rozari jioni, na asubuhi anasogeza mpaka wa shamba la mpunga la mjane. Mfugaji anashiriki Misa, na usiku anaingiza ng’ombe katika shamba la mwenzake, na mwenye shamba naye anajibu kwa fimbo. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo tunasoma Neno la Mungu huku macho yakiwa kwenye simu, na mama mgonjwa anayetukaribisha nyumbani kwake hapati nafasi ya kueleza anavyoumwa. Milango hii yote tunaibamiza tukiwa njiani kwenda kusali.

Basi, wiki hii tufanye mambo mawili madogo. Kabla ya kuanza ibada ya jumuiya, simu ziwekwe kando na tukae kimya kwa dakika chache mbele ya Mungu anayetuona. Ibada ikiisha, kila mmoja amtazame jirani aliyeketi karibu naye, amwulize hali yake, na asikilize jibu mpaka mwisho. Aliye na ugomvi juu ya mpaka au mifugo aende kwa mwenzake kabla ya Dominika, kama Bwana alivyotuagiza kupatana na ndugu kabla ya kutoa sadaka altareni. Tumwombee Padre Thomas Merton pumziko la milele, na sisi tujaliwe mioyo inayokesha.

Tumsifu Yesu Kristo.